Naomba ushauri: risiti haitoki kwenye iPhone

Ndugu zangu wa Bukavu, hamjambo. Depo moja ya Kadutu inauza kupitia ukurasa wa wavuti unaotuma risiti kwenye printa ndogo ya Bluetooth, karatasi ya milimita 58. Kwenye Android, Chrome inafungua orodha, unachagua printa, karatasi inatoka. Kwenye iPhone ya muuzaji kitufe kimekufa kabisa. Nimejaribu Chrome, kisha Firefox: yale yale, maana huko zote zinabeba injini ya WebKit (sehemu ya Apple inayoendesha kurasa za wavuti), jina tu ndilo linabadilika. (Ruhusa ya injini nyingine iliyokuja na iOS 17.4, mwaka 2024, ni ya Umoja wa Ulaya, si yetu.)

Nitengeneze programu kamili ya iPhone, na kulipa Apple ada ya msanidi ya dola 99 kila mwaka? Au printa ya Wi-Fi itakubali kupokea kutoka ukurasa wa HTTPS (unaotumia muunganisho uliosimbwa)?