Nimechoka kubebwa kama mfuko wa saruji kila Jumapili. Makanisa yetu yana tatizo gani na walemavu?

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo wale wa "punguza jazba mtumishi" mpite tu. Upole nimeutumia miaka na miaka, haukunipa hata tofali moja.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Mwaka 2019 nilipata ajali ya bodaboda, uti wa mgongo ukaumia, na tangu hapo natumia kiti mwendo. Kanisa ninalosali silitaji, wenyewe mtajijua. Mbele ya mlango mkubwa kuna ngazi tisa. Nazijua kuliko fundi aliyezijenga. Kila Jumapili vijana wanne wananinyanyua mimi na kiti changu hadi juu, ibada ikiisha wananishusha. Vijana wakiwa kwenye kongamano, nakaa chini pale kama mzigo uliokosa mwenyewe mpaka apatikane mtu wa kunipandisha. Kuna siku walinishusha mmoja wao akiwa anaongea na simu, kaibana na bega. Shati limenipanda hadi kifuani, wanafunzi wangu wamesimama wanaangalia. Hao hao Jumatatu asubuhi nawafundisha hesabu.

Sasa kilichonileta huku ni mahubiri ya Jumapili iliyopita. Mchungaji kafungua Marko sura ya pili, yule mgonjwa wa kupooza aliyebebwa na watu wanne kule Kapernaumu. Akahubiri vizuri, simnyimi haki yake. Halafu akaninyooshea mkono: "Na sisi tunao wanne wetu!" Vigelegele. Kwaya ikaingia na pambio. Mama watoto akanishika goti, akijua nilivyofura.

Jamani, ile habari tunaisoma sote au kila mtu ana yake? Wale wanne walipokuta mlango umeziba watu, hawakusema "tutalileta kwenye baraza la wazee". Walipanda juu wakatoboa dari ya nyumba, tena ya mtu mwingine! Na waliibeba ile godoro mara moja tu, mwenyewe akaondoka nayo kwapani. Mimi nabebwa wiki hadi wiki, kupanda na kushuka, na hakuna aliyegusa hata kona ya ngazi.

Mtasema hela hakuna. Haya. Mwaka jana tulinunua spika na mikisa kwa milioni saba. Tukaweka vigae madhabahuni, sasa panateleza hadi wazee wa kanisa wanatembea kama wako kwenye matope. Kwenye mnada wa mavuno jogoo mmoja alikwenda laki na nusu. Mimi mwenyewe ahadi yangu ya ujenzi nilimaliza kabla ya wengi wenye miguu yao. Fundi nilimleta kwa nauli yangu, akapiga hesabu ya njia ya mteremko: milioni moja na laki nane, na vyuma vya kushikia pembeni. Mzee wa kanisa akaniambia, "Mwalimu, tuvute subira, halafu itaharibu sura ya jengo." Sura!

Baada ya kulalamika sana, mwezi wa sita wakajenga. Nikaitwa kuiona, nikaenda na furaha ya kijinga. Ngazi tisa zile zina kimo cha karibu mita moja na robo tatu. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi ni kwamba ukipanda mita 1, urefu wa njia uwe mita 12. Yaani walitakiwa wapate mita zaidi ya 20, wakunje kona katikati pawe na sehemu ya kupumzikia. Walichojenga kina mita nne. Ule si mteremko wa mtu, ule ni wa kupandishia ng'ombe kwenye fuso. Nilijaribu nikiwa na mtu nyuma anasukuma, kiti kikataka kupinduka kichalichali. Lakini kwenye ripoti ya mwaka imeandikwa "miundombinu ya wenye ulemavu: imekamilika".

Choo ndiyo usiseme. Mlango mwembamba, kiti hakipiti, na ndani ni cha kuchuchumaa. Kwa hiyo mimi kuanzia Jumamosi jioni sinywi maji. Mtu mwenye jeraha la uti wa mgongo akijinyima maji anacheza na figo zake, daktari ameshanikaripia. Sadaka nne, matangazo dakika arobaini, na mimi koo limekauka.

Na bora mimi naongea. Kuna binti kiziwi pale kwetu, amemaliza shule, anajua lugha ya alama vizuri tu. Kila Jumapili anakaa benchi la nyuma, mama yake anamgusa bega: simama, kaa, simama. Saa tatu za kuguswa bega. Kipaimara walitaka kumruka, eti atajibuje maswali ya darasani. Niliuliza kwa nini tusimlipe nauli mkalimani hata mara moja kwa mwezi, nikajibiwa kuwa "Roho anaelewa lugha zote". Basi kama ni hivyo zile spika za milioni saba za nini?

Sijamsahau yule mhubiri mgeni wa semina. Alinishika mikono akanivuta nisimame mbele za watu. Nilipoanguka akatangaza kuna laana ya ukoo haijavunjwa. Wanafunzi wa Yesu waliuliza swali hilo hilo kuhusu kipofu wa kuzaliwa, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, na jibu walilopewa ni kwamba si yeye wala si wazazi. Yohana 9, mstari wa tatu. Mtu ana diploma ya theolojia ukutani na hajafika mstari wa tatu. Mama yangu mzazi alikuwepo siku ile. Alilia wiki nzima akijiuliza alikosea wapi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba makanisa haya haya ndiyo yalitangulia. Shule ya wasioona Buigiri, kule Dodoma, ni ya Waanglikana, tangu 1950. Shule ya viziwi Tabora ni Wakatoliki, 1963. Irente ya Lushoto, nayo shule ya wasioona, ni Walutheri. Mtoto asiyeona anafundishwa nukta nundu, yale maandishi ya kusoma kwa vidole, na kanisa, akikua akienda kusali, kitabu cha nyimbo cha nukta nundu hakipo. Tulimsomesha ili akakae wapi?

Na sheria ipo, ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, inazungumzia haki ya kufika kwenye majengo yanayotumiwa na watu wote. Sitaki kwenda huko. Sitaki kulishitaki kanisa nililobatiziwa. Lakini msinichokoze.

NYONGEZA: Naona mmoja hapo chini ananishauri nisali nyumbani kwa kutumia simu, wanarusha ibada mubashara. Mkuu, wewe mbona hukai nyumbani? Mwingine kauliza nataka nini hasa. Nataka ile takataka ya mita nne ivunjwe, ijengwe upya ikiwa na kona, mlango mmoja wa choo upanuliwe, na yule binti apate mkalimani. Basi.

Vijana wanne nimeshawapigia, sina ugomvi nao, nimewashukuru na nimewaambia wapumzike migongo. Jumapili hii nitakaa chini ya mwembe, hatua chache kutoka ngazi ya kwanza. Binti na mama yake wamesema watakaa na mimi. Mhazini akitaka bahasha zetu, atazifuata huko huko, na hizo ngazi tisa azishuke mwenyewe.