Volti 10 za kuaminika: seli ya Weston, Fluke 731B au kibao cha AD584?

Fundi_Ngamiani
Wakuu, habari za humu. Nina karakana ndogo hapa Tanga, natengeneza inveta za sola, chaja na redio za boti. Mita zangu tatu hazielewani. Saplai ile ile, waya zile zile: ya kwanza inasema 9.998, ya pili 10.004, ya tatu 10.011. Nikirekebisha chaja ya lithiamu, ambayo seli yake haitakiwi kuvuka volti 4.2, nakosa amani. Nataka chanzo cha volti cha uhakika cha kuzikagulia mita hizi. Nimeletewa seli ya Weston, ile betri ya kipimo ya zamani, kwenye sanduku lake la mbao. Kuna pia Fluke 731B iliyotumika, kifaa cha maabara cha kutoa volti thabiti, muuzaji anasema betri imekufa. Halafu kuna hivi vibao vyenye chipu ya AD584 ya kutoa volti thabiti, kutoka China, bei rahisi. Nichukue ipi?

Mzee_wa_Galvanomita
Mwanangu, Weston nimeifanyia kazi miaka mingi na naiheshimu. Edward Weston aliibuni 1893, na tangu 1911 ndiyo iliyokuwa kipimo cha kimataifa cha volti. Lakini si kifaa cha meza yako. Ile ya myeyusho ulioshiba hutoa volti 1.01864 kwenye nyuzi 20. Kila nyuzi ikipanda inapoteza mikrovolti 40 hivi, na kwenye nyuzi 30, ambazo hapa kwetu ni kawaida, imeshapoteza karibu nusu milivolti. Ndiyo maana sisi tuliizamisha kwenye mafuta yenye joto lisilobadilika. Tena haitaki kukamuliwa mkondo. Tuliilinganisha kwa potensiomita, kifaa cha kulinganisha volti bila kuvuta mkondo, tukisogeza polepole hadi sindano ya galvanomita ilale kwenye sifuri. Kama aliyekuwa nayo aliichomeka mita ya sindano ya kawaida, au imekuja kwa bodaboda ikiwa imelazwa ubavu, usiiamini. Ndani kuna zebaki na kadimi. Usiifungue na usiitupe jaani. Isimamishe wima kabatini.

Dada_Saketi
Mimi naanza na hesabu. AD584 ya daraja la J inaruhusiwa na kiwanda kukosea hadi milivolti 30 kwenye volti 10. Mita ya 0.5% inaruhusiwa kukosea 50. Kwa hiyo kibao kitakuonyesha mita iliyoharibika kabisa, basi. Mita ya 0.05% ni milivolti 5, na cha kuikagulia kinatakiwa kiwe bora walau mara nne, yaani milivolti 1.25. Hapo kibao hakifiki, labda zile namba zilizoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi yake ziwe za kweli, na hakuna anayejua zilisomwa kwa mita gani. Ninacho kimoja. Nikikisoma asubuhi kukiwa na ubaridi na nikarudia saa nane mchana, tarakimu za mwisho zimeshahama.

Chumbageni_Redio
Chukua 731B, ila ujue unachonunua. Inatoa volti 10, volti 1 na 1.018 ya kulinganishia seli kama hiyo ya mzee. Moyo wake ni zena (diodi inayoshikilia volti isibadilike) na transista zilizofungwa pamoja ili kile ambacho joto linaongeza kwa moja likipunguze kwa nyingine. Haina tanuri (kisanduku cha kuiweka kwenye joto lisilobadilika) ndani, tofauti na Fluke 732A ambayo inataka umeme saa 24.

Yangu ilipofika niliifungua kabla ya kuiwasha. Betri za nikeli-kadimi zilikuwa zimevuja, unga wa kijani umetambaa hadi kwenye njia za shaba za bodi. Uchafu ule ni alkali, kwa hiyo nilikamulia ndimu kwenye pamba, nikapitisha taratibu, ukatoa povu kidogo. Nikasuuza kwa maji safi, nikamalizia na spiriti, nikaianika kivulini siku mbili. Njia moja ilikuwa imeliwa kabisa, nikaiunga kwa waya mwembamba. Hakikisha pia imewekwa 230 na si 115 ya Marekani, la sivyo transfoma imekwenda. Na zile skrubu za kurekebishia usiziguse! Ukizigusa umefuta historia yote ya kifaa.

Fundi_Ngamiani
Mzee, shikamoo, na asanteni wote. Nasikia pia kuna chipu ya LM399 ya volti thabiti, kwamba mtu anaweza kujiundia?

Dada_Saketi
Inawezekana. Ina kihita chake ndani kinachoiweka karibu nyuzi 90, kwa hiyo joto la Tanga haliifikii. Mita ya mezani ya HP 34401A inaitumia hiyo hiyo. Ukipata iliyotolewa kwenye kifaa kizee ni bora kuliko mpya, maana zena changa huhama zaidi, na kadiri inavyokaa na umeme ndivyo inavyotulia. Ila inakupa volti 6.95. Kuipandisha hadi 10 unahitaji resista zisizobadilika na joto, na pesa inaishia huko.

Kaole_Bagamoyo
Yoyote utakayochukua, bila kwenda TBS (Shirika la Viwango Tanzania) kwa ugezi, yaani kulinganishwa na kipimo rasmi, bado unabahatisha. Niliipeleka yangu Dar nikiwa nimeipakata kwenye basi. Isome kila siku kwa wiki mbili kabla ya safari na wiki mbili baada ya kurudi. Namba za kabla na za baada zisipokubaliana, safari imeihamisha, na cheti hakikusaidii.

Mzee_wa_Galvanomita
Marahaba mwanangu. Usisahau waya. Shaba safi kwa shaba safi haizai hata mikrovolti moja kwa kila nyuzi ya tofauti ya joto. Shaba yenye kutu huweza kufika mikrovolti 1000. Hewa yetu ya chumvi inaigeuza shaba rangi haraka sana, kwa hiyo isugue kwa msasa laini kila unapopima, kaza, kisha ondoa mikono usubiri dakika kadhaa. Ukisoma papo hapo unapima joto la vidole vyako.

Fundi_Ngamiani
Muuzaji wa 731B amepunguza bei kwa sababu ya betri, naichukua kesho. Weston nimeisimamisha kabatini na kuandika ZEBAKI juu ya sanduku. Kibao nitanunua pia, kiwe shahidi wa kila siku, nitasoma vyote viwili saa moja asubuhi na kuandika daftarini pamoja na nyuzi za joto. Chumbageni_Redio, ile njia iliyoliwa ilikuwa upande gani wa bodi, nianze kuangalia hapo?

Chumbageni_Redio
Chini ya kishikio cha betri. Njoo nayo Jumamosi tuifungue pamoja, usiiwashe kabla.