Naomba ushauri: ngozi nyeusi inapauka kila nikichora sura

Ushungi wa Bluu (Tanga)

Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, na jioni nikishafunika mashine hushika brashi. Uchoraji sijausomea popote, nimejifunza kwa kutazama video na kurudia. Matunda, ngalawa na nyumba za Ngamiani zinanikubali. Tangu niingie kwenye sura za watu ndipo nimekwama.

Namchora baba yangu. Mzee ni mweusi hasa, ule weusi wa kung'aa, na ndio uzuri ninaoutaka uonekane. Natumia akriliki, rangi za tyubu zinazochanganywa na maji, kwenye hadibodi. Ngozi naichanganya kwa kahawia, penye kivuli naongeza nyeusi, penye mwanga naongeza nyeupe. Picha ikikauka ngozi imepauka, na mzee anaonekana mgonjwa. Nachora usiku chini ya taa nyeupe, nikiigiza picha niliyompiga kwa simu sebuleni na flashi imewashwa.

Naomba mnisaidie: nichanganye rangi gani? Tyubu ni ghali na naziagiza Dar zije kwa basi, je, rangi za makopo za duka la vifaa vya ujenzi zinafaa? Kupiga miraba kwenye picha ili kuikuza ubaoni ni sawa au kunaharibu mkono? Halafu kuna jirani anataka nimchoree picha yake ya harusi kwa malipo. Nikubali?

Paleti ya Mikocheni

Karibu kwenye sura, dada. Kinachompausha mzee ni nyeusi na nyeupe zinazotoka moja kwa moja kwenye tyubu. Nyeupe hupoza kila rangi inayoingia, yaani huivuta upande wa bluu, kwa hiyo kahawia yako yenye joto, ile inayoelekea wekundu, inaishia kuwa kijivu chenye unga unga.

Nyeusi iweke kando kwa sasa. Giza litafute kwa kuchanganya bluu ya altramarini na amba iliyochomwa, ile kahawia iliyokolea. Ukizidisha amba kivuli kinapata joto, ukizidisha bluu kinapoa. Sehemu za kati zipe siena iliyochomwa, ile yenye wekundu wa udongo, na oka ya njano. Ukitaka kulinyanyua shavu, pita kwanza kwenye oka na nyekundu kidogo, nyeupe ije mwisho na iwe tone tu.

Sasa mtoe mzee barazani asubuhi, akae ubavu ubavu na mwanga, umtazame paji la uso na mfupa wa shavu. Pale panapong'aa hutaona kahawia nyepesi, utaona bluu ya anga. Ngozi nyeusi yenye afya inarudisha kilicho mbele yake. Akivaa kanzu nyeupe, chini ya kidevu patakuwa na mwanga hafifu uliopanda kutoka kwenye kanzu. Akikaa karibu na ukuta wa kijani, utauona ukijani kwenye taya. Mng'ao wenyewe ni mdogo na una kingo. Ukiutandaza uso mzima ndipo ngozi inapopauka.

Na flashi izime kabisa. Inampiga mtu usoni moja kwa moja na kufuta vivuli vyote vinavyoonyesha umbo la pua na mashavu. Hapo hata mtu mwenye uzoefu hana cha kuchora.

Mwalimu wa Michoro

Paleti amesema kweli kuhusu flashi, ila hilo la kufukuza nyeusi sikubaliani nalo. Kerry James Marshall wa Marekani huchora watu weusi tii akitumia nyeusi za aina mbalimbali, mojawapo ya kaboni na nyingine ya oksidi ya chuma, na huzitia rangi nyingine ili moja ielemee ubaridi, nyingine joto. Nyeusi zake zina uhai. Amy Sherald, aliyemchora Michelle Obama katika picha iliyozinduliwa mwaka 2018 kule Washington, ngozi za watu weusi huzichora kwa kijivu makusudi, na bado nyuso zake zina umbo na uzito.

Kwa nini kijivu chake kinasimama na cha dada yetu kinapauka? Mimi naona tatizo liko kwenye kupanga mwanga na giza, rangi inafuata nyuma. Dada, piga kazi yako kwa simu, igeuze iwe nyeusi na nyeupe, fanya hivyo na picha ya mzee, uziweke bega kwa bega. Nadhani utakuta vivuli vyako havikukolea vya kutosha na mwanga umetapakaa kila mahali. Wengi tunaoanza tunaogopa giza, tunaona tutamharibu mtu, hivyo kila kitu tunakisogeza katikati.

Ningekuwa wewe ningemchora mzee kwa amba na nyeupe peke yake kwanza. Finya macho mpaka uone mafungu matatu tu: giza, kati, mwanga. Yapake hayo matatu bila kugusa kope wala ndevu. Ukirudi nyuma hatua kadhaa na ukamtambua, hapo ndipo ufungue tyubu nyingine.

Fundi Mabango (Mwanza)

Mimi nachora mabango ya maduka na magari, rangi za makopo ndizo chakula changu, kwa hiyo hapa sibahatishi. Ile rangi ya mafuta ya kung'aa haifai kwa sura unayoitaka. Edward Saidi Tingatinga na wenzake walifanya nayo maajabu kwenye hadibodi kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, lakini mtindo wao ni wa rangi bapa na mistari iliyo wazi. Shavu linataka giza liyeyuke taratibu kuingia kwenye mwanga, na rangi ile inateleza, inachuruzika, halafu nyeupe yake hugeuka njano miaka ikipita.

Kinachokufaa dukani ni rangi ya maji ya ukutani isiyong'aa, nyeupe, kwa kuandalia ubao. Piga msasa hadibodi, paka mara mbili, na upande wa nyuma upake pia, la sivyo unyevu wa pwani utaipinda. Akriliki yako inashika vizuri juu yake. Usije ukapaka akriliki juu ya rangi ya mafuta, itabanduka.

Jirani mkubalie, ila chukua nusu ya malipo kabla hujagusa ubao, na akuletee picha kadhaa za mwanga wa mchana. Zile za ukumbini usiku zitakutesa.

Brashi ya Nairobi

Sasa dada. Miraba ni halali kabisa, wachoraji wameitumia karne nyingi kukuza michoro. Lakini isikufanye uache kupima kwa jicho. Macho yapo katikati ya kichwa kizima, kutoka utosini hadi kidevuni, na wengi huyapandisha juu mno kwa sababu wanasahau fuvu. Nafasi kati ya jicho na jicho inakaribia upana wa jicho moja. Hivyo ni vya kuanzia tu. Mzee wako atakuwa na vipimo vyake, na tofauti hizo ndizo zitakazofanya afanane. Ukimaliza kuchora itazame kwenye kioo. Jicho lililopanda utaliona papo hapo.

Akriliki ikikauka hukolea kidogo, kwa hiyo jaribu rangi kwenye kipande cha ubao na usubiri kabla hujahukumu. Na kwa joto la Tanga, chukua kopo la plastiki lenye mfuniko, tandaza kitambaa kibichi ndani, juu yake karatasi ya kuokea, uchanganyie hapo. Rangi itakaa hadi kesho yake.

Taa nyeupe ya usiku inakudanganya ubaridi na joto. Mafungu ya giza na mwanga fanya usiku, rangi ziache Jumapili mchana.

Ushungi wa Bluu (Tanga)

Asanteni sana, Mungu awazidishie. Nimemkalisha mzee barazani na redio yake, nikamchora kwa amba na nyeupe kama Mwalimu alivyoelekeza, kisha nikaingiza altramarini na siena. Ile bluu ya paji la uso niliiona kwa macho yangu! Weusi wake sasa umetulia, hata yeye ameutambua. Kilichobaki ni mdomo na macho. Mdomo unakaa kama umebandikwa, na macho yanatoka kama ya mtu aliyeshtuka.

Paleti ya Mikocheni

Hongera dada. Macho yanashtuka kwa sababu ya nyeupe. Ule weupe wa jicho si mweupe, hasa kwa mtu mzima. Upake kijivu chenye kahawia, na sehemu ya juu iwe na giza zaidi kwa sababu kope linaitilia kivuli. Nyeupe safi iwe nukta moja tu juu ya mboni, upande mwanga unakotoka.

Mdomo usiuzungushie mstari. Mdomo wa juu umeelekea chini, ufanye mweusi zaidi. Wa chini unapokea mwanga, na chini yake kuna kivuli kinachoubeba, hicho kichore vizuri. Pembe za mdomo zilainishe kwa brashi iliyokaribia kukauka mpaka zizame shavuni. Kama kwa mzee wako rangi ya mdomo na ya shavu zinakaribiana, ziache zikaribiane. Usimtie wekundu asiokuwa nao.

Mwalimu wa Michoro

Naunga mkono. Ukija Dar, dada, pita Nafasi Art Space pale Mikocheni uwaone wachoraji wakifanya kazi, na uje na hiyo ya mzee. Ila usiiguse tena kabla hujaanza nyingine. Mgeuze sasa mwanga umjie kutoka upande wa pili, umchore upya.