Wazazi wa P7 (darasa la saba) Bombo, Uganda: Jumamosi ya mabano

19:04 Mama Sharifa: Asalaam aleikum, habari za jioni majirani. Karatasi za watoto zimerudi. Zote nilizoziona zimekosewa palepale, swali la mabano. Jumamosi saa tatu asubuhi waje kwangu, Mwalimu Juma atawafundisha. Nani analeta mtoto?

19:05 Mama Sharifa: Swali lenyewe: 5 − 2(x − 3) = 1

19:33 Mama Sharifa: Naona mmesoma. Jibuni basi.

19:40 Shafiki: Chai itakuwepo?

19:41 Mama Sharifa: Shafiki, sema kwanza kama mdogo wako anakuja.

19:44 Baba Aisha: Aisha amepata x = −1 akawekewa kosa. Kosa liko wapi?

19:52 Mwalimu Juma: Baba Aisha, irudishe hiyo −1 kwenye swali. x − 3 inakuwa −4. Mara 2 ni −8. 5 kutoa −8 ni 13, na swali linataka 1. Imekataa.

19:55 Mwalimu Juma: Bila shaka aliandika 5 − 2x − 6. Ile −2 iliyotangulia mabano inazidisha vyote vya ndani pamoja na alama zake. −2 mara −3 ni +6. Kwa hiyo:
5 − 2x + 6 = 1
11 − 2x = 1
2x = 10
x = 5
Hakikisha: 5 − 2(5 − 3) = 5 − 4 = 1. Imekubali.

19:58 Mama Kevini: Wangu alianza na 5 − 2 akapata 3, akaandika 3(x − 3)

20:01 Mwalimu Juma: Hapana nyabo. Hiyo 2 inazidisha mabano, na kuzidisha kunatangulia kutoa. Mwambieni aandike kila hatua. Karatasi ya hesabu ya mtihani wa taifa, UNEB, sehemu ya B ina maswali 12 na alama 60, na njia ina alama zake. Jibu tupu halitoshi.

20:03 Mwalimu Juma: Nyumbani tumieni rolex, chapati iliyokunjwa na yai. Chapati ni x, yai 500. Rolex 3 za yai mojamoja ni 4,500. Basi 3(x + 500) = 4,500. Anayeandika 3x + 500 amelipia yai la rolex moja tu. Sahihi ni 3x + 1,500 = 4,500, 3x = 3,000, chapati ni 1,000.

20:04 Shafiki: Rolex ya yai moja?? Mwalimu, huyo muuzaji anakuibia 😂

20:05 Mama Kevini: Na nyanya hajaweka kwenye hesabu

20:05 Shafiki: Na kabichi!

20:07 Mama Sharifa: Banange! Tunaongelea mtihani. Kila nyumba ilete 2,000 ya karatasi na chaki.

20:09 Baba Aisha: 2,000 tena? Na zile za muhula wa kwanza? Ubao uko wapi?

20:10 Mama Sharifa: Mambo ya ubao tulishayamaliza.

20:11 Baba Aisha: Mliyamaliza nyinyi. Mimi nilikuwa Arua.

20:12 Shafiki: Mimi niliuona ubao umefunika banda la kuku la mtu fulani. Sisemi.

20:13 *Mama Kevini amefuta ujumbe huu*

20:14 Mama Sharifa: Mama Kevini, nimeshausoma.

20:58 Hajati Mariamu: Nimesomewa yote na mjukuu. Mtoto wa Baba Aisha amekosa alama moja, nyinyi wakubwa mnagombania mbao. Ubao uko kwangu nyuma ya kabati. Aliyeuleta aliomba radhi, nikamsamehe, na jina lake lisitajwe humu. Watoto waje kwangu. Pesa asitoe mtu.

21:20 Baba Aisha: Nimesikia Hajati.

21:21 Mama Sharifa: Sawa Hajati. Basi ni kwa Hajati, Jumamosi saa tatu. Mwalimu?

21:34 Mwalimu Juma: Saa tatu nina wanafunzi wa S4, kidato cha nne. Mimi naweza saa nane.

21:36 Mama Kevini: Saa nane sisi tuna harusi Luweero

21:37 Mama Sharifa: Saa nne je?

21:50 Baba Aisha: Mwalimu, Aisha yuko hapa na daftari. 4(x + 1) − 3(x − 2) = 12. Amepata 14, akairudisha, ikatoka 24. Akafuta mwenyewe. Sasa amepata 2, na 2 imekubali.

21:53 Mwalimu Juma: Safi sana Aisha! 4x + 4 − 3x + 6. Hiyo +6 ndiyo yenyewe. Mpe lingine lenye kutoa mbele ya mabano kabla hajalala.

06:17 Baba Rama: Samahani jamani, nilikuwa safarini. Swali gani hilo? Na ubao gani?

06:30 Mama Sharifa: Baba Rama panda juu usome, ya ubao yaruke. Mwalimu Juma, saa nne au saa nane? Hajati anataka kujua apike lini.

09:12 Shafiki: Hajati anapika?? Mdogo wangu anakuja. Namleta mwenyewe.