Elimu bila malipo na usawa shule za serikali Tanzania: tupeane uzoefu

Mjomba Nachingwea: Wakuu, dada kanipigia asubuhi hii. Mtoto wake wa darasa la nne karudishwa nyumbani kwa kukosa hela ya uji na mtihani wa wiki. Tangu Januari 2016 tunaambiwa awali hadi kidato cha nne ni bure. Kwenu ikoje?

Mama Wawili: Hivyo hivyo. Huku kuna na ya mlinzi.

Chaki Nyeupe: Mimi mwalimu mkuu, shule ya msingi. Ruzuku ya serikali ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na sehemu yake inabaki huko juu serikalini kununulia vitabu. Sisi wa porini tuna watoto wachache, kwa hiyo kinachofika ni kidogo. Paa likivuja halijali mko wangapi. Usawa wa kuhesabu vichwa unatuumiza.

Wa Kata: Mwalimu, usitetee. Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016 uko wazi, mchango ni hiari.

Chaki Nyeupe: Nimemtetea nani? Kumrudisha mtoto ni kosa. Wewe kikao cha wazazi huwa unakwenda?

Wa Kata: Nakwenda sana. Wenye uwezo wananyoosha mikono, asiyenacho anabanwa na muhtasari wa kikao. Hiari gani hiyo?

Binti Igunga: Naomba niseme. Nyie mnabishania uji, mimi nilinyimwa shule yenyewe. Mwaka 2014, kidato cha tatu, wasichana wote tulipangwa foleni tukapewa vikopo vya mkojo tupimwe mimba. Jina langu likasomwa mbele ya wenzangu. Sikupewa hata nafasi ya kuchukua madaftari. Barua ikasema nimefukuzwa kwa kosa la maadili, kwa mujibu wa kanuni za 2002 za kufukuza wanafunzi. Baba hakunisemesha mpaka nilipojifungua. Aliyenipa mimba alikuwa wa bodaboda, akaendelea kupakia abiria hapo hapo kijiweni, na mimi nikipita wananizomea mimi. Hisabati nilikuwa naongoza darasa zima, jamani. Novemba 2021 Wizara iliporuhusu waliojifungua warudi, mwanangu alishaanza shule. Mdogo wangu yalimkuta yale yale 2022, akajifungua, akarudi, kamaliza kidato cha nne. Mama mmoja, shule moja. Kilichotutofautisha ni waraka, na waraka hufutwa na waraka mwingine. Haki hii iandikwe ndani ya Sheria ya Elimu, isingoje huruma ya waziri aliyepo.

Mama Wawili: Pole sana mdogo wangu. Nimelia.

Mjomba Nachingwea: Yule kijana hakushtakiwa?

Binti Igunga: Hakuguswa. Kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba kiliingizwa kwenye sheria 2016.

Wa Kata: Dada, jiandikishe QT, ule mtihani wa maarifa kwa walio nje ya shule, kisha ufanye mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Fundi Cherehani: Aende VETA, chuo cha ufundi, ashike ujuzi. Vyeti vimejaa makabatini.

Binti Igunga: Cherehani ninayo, kaka. Nataka hisabati yangu.

Mama Wawili: Na mtoto wa darasa la nne je? Mjomba, lipa tu hiyo hela asome.

Wa Kata: Asilipe! Aende kwa afisa elimu kata.

Chaki Nyeupe: Akienda peke yake mtoto ataandamwa. Aende na wazazi wenzake, na waraka mkononi. Ukikosa, nitumie ujumbe, ninayo nakala.