Nilipeleka radiogramu ibadilishwe kapasita, fundi kaing'oa ampu yote! Hii tabia ikome

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Nina radiogramu ya miaka ya 1960, ile ya kabati refu la mbao: redio na santuri chini ya mfuniko, spika kila upande, ndani ampu (kikuza sauti) ya valvu, zile chupa ndogo za kioo zinazowaka. Ilikuwa inaimba vizuri ila ina mngurumo wa chinichini hata ukizima sauti kabisa. Aliyewahi kufungua redio ya valvu anajua pa kuanzia: zile kapasita kubwa za kuchuja umeme zimekauka. Nikampa fundi kazi hiyo moja. Badilisha kapasita, basi.

Nimerudishiwa kabati lenye ubao wa bluetooth ndani.

Ampu hakuna. Waya za spika zimekatwa kwa plaizi katikati, zikaungwa kwa kusokotwa na kuviringishiwa utepe wa karatasi wenye gundi, hata risasi ya kuchomelea hakutia. Mbele, kwenye vinira (ganda jembamba la mbao la juu) ambayo haikuwa na mkwaruzo, kapitisha msumeno kupata dirisha la kioo cha taa za buluu. Tundu limekwenda upande na vinira imebanduka vipande kwenye kona. Nikipitisha kidole pale roho inaniuma.

Namuuliza, ananijibu: "Bosi, hii haina thamani, hakuna anayenunua. Nimekuwekea ya kisasa." Na ampu? "Nilitupa."

Ndugu zangu, najua haina thamani sokoni. Magnavox, Zenith, RCA, Grundig, wote walitoa makabati ya namna hii kwa wingi, ni mazito, yanakula nafasi, na wakusanyaji wengi hawayataki. Kwani nilisema nauza? Kitu changu kukosa bei kunampa nani ruhusa ya kukikata bila kuniuliza? Tena katika kabati lote, ampu ndiyo iliyokuwa na wateja. Valvu za EL84 na transfoma zake za sauti zinatafutwa na wapiga gitaa na wanaojiundia ampu. Kwa hiyo hilo neno "nilitupa" silikubali, na nimemwambia usoni.

Haya, hiyo ya kisasa inaimbaje? Bezi ya santuri imekufa. Sauti imekuwa nyembamba, kali, inachoma masikio. Fundi anasema santuri zimezeeka. Si kweli! Sindano ya mashine hii imekaa kwenye kichwa cha seramiki, na kichwa cha seramiki kinataka kuingia kwenye ampu yenye ukinzani mkubwa sana, kama oumu milioni moja. Ampu ya zamani ilitengenezwa hivyo. Huu ubao wake una oumu elfu chache tu kwenye mlango wa kuingilia, na ukikichomeka kichwa cha seramiki hapo, sauti za chini ndizo zinazopotea kwanza. Mtu anayejiita fundi wa sauti alipaswa kulijua hili kabla hajashika plaizi.

Na kazi yenyewe haikuwa kubwa. Unaondoa kapasita za kuchuja na zile za karatasi, unaweka mpya za kipimo kilekile, volti zilezile au zaidi. Za karatasi ndizo hatari, kwa sababu zikianza kuvuja zinapeleka volti chanya kwenye gridi ya valvu ya mwisho, valvu inapata moto hadi bati lake la ndani linakuwa jekundu, na transfoma ya sauti inaweza kuungua nayo. Kisha unawasha mara ya kwanza kupitia balbu iliyofungwa mfululizo na waya wa umeme, ili kama kuna shoti balbu iwake badala ya kitu kuungua. (Mnaojaribu wenyewe, humo ndani kuna volti mamia, na kapasita hubaki na chaji hata ukichomoa plagi.)

Hata bluetooth ingewezekana bila kutoboa chochote! Nyuma kulikuwa na tundu za kuingizia tepu rekoda. Kipokezi kidogo kingechomekwa pale na yote yangebaki mahali pake. Yangu ilikuwa na transfoma ya kuitenga na umeme wa ukutani, hivyo hapakuwa na shida. Zile zisizo nayo msichomeke kitu, chesisi yake (fremu ya bati inayobeba ampu) inaweza kuwa na umeme.

Wanaokuja kuniambia niigeuze kabati la vinywaji, naomba mpite. Na wanaosema kitu cha zamani hakiguswi kabisa, nanyi sikubaliani nanyi. Mimi mwenyewe nilitaka iguswe, kwa akili na kwa namna inayoweza kurudishwa ilivyokuwa.

Ninachohitaji sasa: transfoma mbili za sauti, kila moja ya jozi ya EL84 zinazopokezana kazi (push-pull), oumu 8,000 upande wa valvu, upande wa spika oumu 8. Ampu nzima iliyotolewa kwenye kabati lililooza nayo nitaichukua, hata kama haiwaki, mradi transfoma zake ni nzima. Na kama kuna anayemjua fundi wa valvu ambaye humpigia mwenye mali simu kabla ya kukata waya, aniwekee hapa nimtafute.