Timu ya watu 6, kila mtu na mji wake: tunachoraje pamoja bila kulipia?

Fundi_Michoro: Wakuu, habari zenu. Timu yetu ina watu 6: Dar, Mwanza na Nairobi. Wawili wana simu tu, na bando ni la kupima. Tunabungua bongo na kuchora kurasa za programu mara mbili kwa wiki. Jamboard, ubao wa kuchorea mtandaoni wa Google, ilifungwa mwishoni mwa 2024, na Miro, ubao mwingine kama huo, ya bure inaruhusu kuhariri mbao 3 tu. Tutumie nini?

kalamu_nene: Excalidraw. Fungua excalidraw.com, bonyeza kitufe cha kushirikiana, anzisha kikao, tuma linki kwenye kundi. Hakuna kujisajili. Tahadhari, linki itumwe nzima: sehemu inayofuata alama ya # ndiyo yenye ufunguo, ikikatwa ubao haufunguki. Halafu usidhani mchoro umehifadhiwa mahali. Kwa matumizi ya bure unakaa ndani ya kivinjari chako, ukisafisha data zake umekwenda. Kikao kikiisha, mmoja ashushe faili la .excalidraw aliweke Google Drive. Faili la picha la PNG la kawaida ni la kutazama tu, halihaririki.

Mzee wa Karatasi: Hao wa simu mnawatesa bure, kuchora kwa kidole kwenye kioo kidogo ni kazi. Wape karatasi ya A4 na maka pen. Penseli haionekani kwenye kamera. Simu ilale juu ya rundo mbili za vitabu, kama sentimita 30 kutoka mezani, kamera ikichungulia katikati. Mwanga utoke ubavuni, ukitoka juu kivuli cha simu kinaangukia mchoro. Mwenye kompyuta akitaka kuonyesha karatasi, aingize simu kwenye kikao cha video kama mtu wa pili, azime maiki NA sauti ya simu. Akizima maiki peke yake, kompyuta itanasa sauti ya simu na wote mtasikia mwangwi.

hesabu_kwanza: Mimi video ningeiacha kabisa kwenye hatua ya mawazo, ndiyo inayomaliza bando. Mko 6, basi tumieni mbinu ya 6-3-5 ya Mjerumani Bernd Rohrbach (1968): watu 6, mawazo 3 kila mmoja, dakika 5, kisha mnabadilishana. Mizunguko 6 ni nusu saa, mawazo 108. Kwenye Google Sheets tengeneza kurasa 6, kila moja safu 6 na nguzo 3. Mpeni kila mtu namba. Muda ukiisha anahamia ukurasa unaofuata, wa 6 anarudi wa 1. Bila namba watu wawili watajikuta ukurasa mmoja wanafutiana. Baadaye chagueni matatu ya kuchora.

Fundi_Michoro: Shukrani wakuu. Picha za karatasi tukitumiana WhatsApp zinakuja na ukungu, maandishi madogo hayasomeki.

Mzee wa Karatasi: Itume kama dokumenti, si kama picha. Ikipita njia ya picha WhatsApp inaibana.